Mtandaoni Hakuna Shikamoo

Silvesta Nandonde hakuwahi kuacha kitu bila kukitukana. Wengine wakinunua baiskeli mpya, ile kuukuu humpa mdogo wao, mambo yakaisha. Yeye lazima kwanza akueleze kwamba baiskeli za namna ile hazikufaa tangu siku zilipoundwa, na kwamba anayeendelea kuzipanda ni mtu wa kuhurumiwa. Kisha ndipo angempa mdogo wake.

Huyo mdogo ni Erasto, na alishazoea. Wote wawili walizaliwa Chilangala, huko juu Newala, kwenye mikorosho mingi na maji ya kuhangaikia, watoto wa Mama Anjelina. Erasto alibaki na mama na shamba. Silvesta alisoma, akaenda Masasi, akawa karani wa chama cha msingi cha kununua korosho, mpiga taipu hodari, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Soko lilipoachiwa huria na wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, chama kikabaki na ghala la popo. Silvesta aliondoka na taipureta aliyouziwa kwa bei ya kutupa, na kabla hajaifikisha nyumbani alikuwa ameshagundua kwamba ushirika ulikuwa ujinga mtupu tangu mwanzo. Kwamba ujinga huo ndio uliomlipia mahari, hilo hakulitaja.

Akafungua kibanda mtaa wa Mkomaindo, hapohapo Masasi, akawa anawapigia watu taipu barua za kuomba kazi na mikataba ya viwanja. Ikaja fotokopi, taipureta ikageuzwa ya kuwekea chungu cha maua. Ikaja kompyuta, akaanza kuwacheka wenye fotokopi. Mwishowe, kwa ubia na tajiri mmoja wa Mtwara, dishi likapandishwa juu ya bati na intaneti ikaingia, kompyuta nne kwenye chumba kimoja kinachonuka rangi. Hapo Silvesta hakuwa tena mtu wa kuitwa ovyo. Mtaa mzima ulimwita Baba Priska, kwa jina la binti yake, kama baba mwingine yeyote anavyoitwa. Yeye akabandika karatasi mlangoni: "Bw. S. Nandonde, Mhariri."

Alikuwa mhariri wa blogu. Mwaka ulikuwa 2006, blogu zilikuwa ndiyo kwanza zinavuma nchini, na mtu mwenye yake alijiona ana gazeti, redio na wizara kwa pamoja. Ya Silvesta iliitwa Jicho la Kusini. Aliandika kuhusu teknolojia inakoelekea, yaani alitabiri. Alitabiri kwamba miaka michache ijayo majengo ya posta yatafugiwa mbuzi. Alitabiri kwamba redio imekwisha, magazeti yamekwisha, na kwamba mkulima wa Chilangala atauza korosho zake India kwa kubofya kipanya, amekaa kwake kwenye kigoda. Mkulima wa Chilangala wakati huo hakuwa na umeme hata wa kumulika panya wa kweli, na mke wake alikuwa njiani tangu alfajiri na ndoo kichwani. Lakini hao hawakuisoma blogu, kwa hiyo hawakubisha.

Walioisoma walikuwa wachache na walikuwa mbali. Mmoja aliishi Uswidi, mwingine Texas, wengine wawili watatu walikuwa Dar es Salaam maofisini, wanasoma kwa umeme wa mwajiri. Waliandika, "Kaza buti, Mhariri," naye akakaza. Chini ya ukurasa kulikuwa na kidude kinachohesabu wageni. Kila asubuhi kabla ya chai Silvesta aliufungua ukurasa wake, akaufunga, akaufungua tena, mpaka namba imridhishe. Mke wake, Esther, alimkuta siku moja katika kazi hiyo, akamuuliza kama huko si kujipigia hodi mwenyewe. Alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Kilichomkera Mhariri kuliko vyote ni namna watu wa kwao wanavyopelekeana habari. Kule juu, neno husafiri na mtu. Ukiwa na la kumwambia mtu wa Masasi, unamtafuta Hamidu, utingo wa lori la Newala, unamwambia, naye analibeba kichwani. Na akifika hakubwagii tu kama gunia. Anakaribishwa, anapewa maji, anaulizwa habari. Anajibu nzuri. Za mama, nzuri. Za watoto, nzuri. Za mvua, nzuri. Nzuri zote zikishaisha ndipo anasema "ila", na baada ya hiyo "ila" ndipo inapokuja habari yenyewe. Kila aliyezaliwa kule anajua kuisubiri.

Siku moja Hamidu aliingia dukani na kikapu cha makopa kilichotoka kwa Mama Anjelina, mihogo mikavu ya kusaga unga, akakitua chini. Ndani alikuwapo ofisa mmoja wa benki akisoma barua pepe zake. Hamidu akaanza na nzuri zake.

"Habari za huko nzuri, Baba Priska. Mama hajambo, anakusalimu sana. Watoto wa Erasto wazima. Ila mama anasema siku nyingi hajakuona."

Silvesta alimtazama ofisa wa benki kwanza, kisha kikapu, kisha Hamidu.

"Hamidu, mimi naandikiwa kutoka Uswidi na neno linafika kabla sijapiga chafya. Wewe unaniletea salamu zilizolala kwenye magunia ya mbaazi. Mwambie mama mimi si mtu wa kutumiwa salamu za lori."

Ofisa wa benki alicheka, na hicho ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Hamidu hakucheka.

"Haya, Baba Priska. Nitafikisha."

Akafikisha. Hamidu hakuwahi kupunguza wala kuongeza kitu cha mtu, na Mama Anjelina aliyapata maneno ya mwanawe yote kama yalivyotamkwa, pamoja na kicheko cha mtu wa benki.

Wiki ileile Silvesta aliandika makala aliyoipenda kuliko zote, akaiweka juu kabisa ya ukurasa isishuke. Kichwa chake kilikuwa "Mtandaoni Hakuna Shikamoo". Alisema shikamoo inakula muda wa mtandao na marahaba inakula umeme. Alisema wenzetu walioendelea hutaja jambo moja kwa moja, mistari miwili, basi. Hata jina si lazima, kompyuta inajua. Yule wa Uswidi aliandika kwamba hayo ndiyo mawazo mapya yanayohitajika Afrika. Yeye mwenyewe, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, alikuwa akimpigia mama yake simu kila Jumapili na kuanza na shikamoo.

Makala iliyofuata ilitangaza kwamba na simu ya mkononi nayo inakufa, na Silvesta akaitoa ile laini yake ya zamani akaitupa. Alinunua nyingine kimyakimya, namba yake akaigawa kwa watu wa maana tu. Ndugu zake hawakuwa miongoni mwao. Anayemtaka, alisema, anajua pa kumpata.

Pasaka alipanda Chilangala. Mama Anjelina alikuwa amepika kuku na kumwekea mwanawe kiti chenye mgongo. Silvesta alikula huku akiwaeleza majirani mambo ya setilaiti. Jioni mama alipata nafasi, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, ile salamu yangu ilikukosea nini?"

Silvesta alicheka. "Mama, hayo huwezi kuyaelewa." Akamgeukia Erasto. "Na wewe, kukiwa na jambo usitume mtu. Nenda Newala, kuna chumba cha intaneti. Niandikie kwenye blogu, nipate hapohapo. Andika jambo lenyewe, usinijazie maneno."

"Sawa, Kaka," alisema Erasto. Asubuhi yake Silvesta akaondoka kabla mama hajatoka kanisani.

Mvua zilipokatika Mama Anjelina akaanza kuvimba miguu. Kisha pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi. Walimpeleka hospitali, wakarudishwa na dawa na macho ya huruma. Mwenyewe alijua. Hakuogopa kufa, alikuwa amekwisha kuzika wengi. Aliogopa kufa na lile neno la salamu za lori likiwa bado katikati yake na mwanawe wa kwanza. Aliamini kabisa kwamba mzazi akiondoka na kinyongo, mtoto hapati nafuu maisha yake yote, na hakutaka kumfanyia Silvesta hivyo. Alitaka aje, akae karibu, wazungumze, ampe radhi yake kwa mdomo, mtoto akisikia.

Erasto alitaka kumtuma Hamidu. Mama akamkatalia.

"Mtumie kwa namna anayoitaka mwenyewe," alisema.

Erasto akaenda Newala. Alianzia kwenye kibanda cha simu, akapiga ile namba aliyoijua, akaambiwa na mwanamke wa kwenye mashine kwamba haipatikani. Ndipo akaingia kwenye chumba cha intaneti, kwa dada mmoja aitwaye Yasinta. Yasinta akamtafutia Jicho la Kusini, na hapo juu kabisa, kwa herufi nene, ikakaa ile makala ya shikamoo. Alimsomea.

"Sasa tuandikeje?" aliuliza Yasinta. "Shikamoo kaka, habari za huko?"

Erasto alifikiri sana. Tangu ajifunze kusema hakuwahi kumwambia kaka yake neno bila kuanza na shikamoo, na ulimi ulikuwa mzito kama anataka kumtukana.

"Amesema tusiweke," alisema. "Andika jambo tu."

"Na jina?"

"Si umesoma hapo? Kompyuta inajua."

Yasinta akaandika kama alivyoambiwa: "Mama anakuita. Njoo." Akabofya, maneno yakatokea chini ya makala, na juu yake mashine ikaweka jina ililoona linamstahili mtu wa namna hiyo: Asiye na Jina.

Masasi, mkabala na duka la Silvesta, alikuwapo fundi cherehani, Abdulkadiri, Myao, kwa hiyo mtani wa kabila la Silvesta. Mtani hapewi ruhusa ya kukukejeli, anayo tangu kuzaliwa. Abdulkadiri alikuwa amejifunza kutuma maoni bila jina, na alikuwa akija jioni kutumia kompyuta ya Silvesta mwenyewe kumtukania Silvesta. Aliandika, "Mhariri, funga duka ukachote maji." Aliandika, "Mtoto, mama anakuita ukaoge." Wasomaji wa mbali hawakuujua utani, walidhani Mhariri ana maadui, na hilo lilimpandisha hadhi kwa hiyo hakulirekebisha.

Asubuhi Silvesta alipoyakuta yale maneno, Mama anakuita, njoo, damu ilimchemka. Safari hii hayakuwa na hata kichekesho, yalikuwa ufidhuli mtupu. Akakaa, akaandika jibu refu, akalipa kichwa "Kwa Asiye na Jina", akaliweka mbele ya dunia nzima. Alisema kuna wajinga ambao hata teknolojia ikiwafikia mlangoni wataitumia kupangusia miguu. Akamalizia: "Na huyo mama unayemtaja, mwambie Mhariri ana kazi. Asubiri foleni kama wengine."

Texas akacheka kwa herufi kubwa. Uswidi akasema Mhariri amemmaliza mtu. Kile kidude cha kuhesabu wageni kilipanda siku ile bila Silvesta kukisaidia.

Abdulkadiri alilisoma jibu siku ya pili yake, akavuka barabara na futi yake shingoni.

"Mtani, hiyo si yangu."

"Usinione mtoto."

"Wallahi si yangu. Mimi ningeandika ukaoge. Huyu hataki uoge, huyu anataka uende." Alikuwa hachekeshi tena. "Mama yako hajambo?"

Silvesta alisema mama yake hajambo, na akajikuta anajaribu kukumbuka mara ya mwisho hayo aliyasikia kwa nani.

Usiku Esther aliyasikia, akaweka sahani chini. "Yaweza kuwa Erasto."

"Erasto?" Silvesta alisonya. "Erasto hawezi kuniandikia bila shikamoo. Yule hata akiunguliwa nyumba ataanza na shikamoo."

"Si wewe uliyesema ziachwe?"

"Nilisema kwa wasomaji."

"Naye si ulimwambia akuandikie hukohuko?" Esther alimtazama mumewe kwa macho ambayo kwa kweli alistahili kutazamwa nayo tangu zamani. "Baba Priska, panda Chilangala kesho. Ukikuta ni utani, utarudi, hasara yako vumbi."

Alijua Esther anasema kweli. Hilo ndilo la kumchukia kwalo Silvesta, kwamba alijua. Lakini kwenda kungekuwa kukiri kwamba maneno yale aliyoyacheka pamoja na dunia yalikuwa ya mdogo wake, na kwamba mama aliyeambiwa asubiri foleni ni mama yake. Zaidi ya hayo, Uswidi alikuwa amemwomba makala ndefu juu ya Tanzania ya miaka ishirini ijayo. Akasema ataimalizia kwanza. Akakaa mbele ya kioo cha kompyuta akiiona miaka ishirini yote mbele yake, mwaka kwa mwaka, barabara za lami na madaktari wa kwenye kompyuta, huku asiijue siku ya kesho yake kule Chilangala.

Alikuwa bado anaandika Hamidu alipoingia. Hakuwa na kikapu. Alisimama mlangoni mpaka akaribishwe, akakaribishwa, akakaa kwenye ncha ya benchi. Esther alikuwapo, akamletea maji. Akayanywa yote, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Habari za huko?" aliuliza Silvesta.

"Nzuri, Baba Priska."

"Watoto wa Erasto?"

"Wazima."

"Na Erasto?"

"Yupo. Mzima."

Ilikuwa zamu ya kumuuliza mama. Silvesta alifungua mdomo akaufunga. Hamidu alisubiri, kwa sababu desturi ni kusubiri, na Silvesta naye, mtu wa mistari miwili, mtu wa habari inayofika kabla hujapiga chafya, aliomba moyoni ziendelee hizo nzuri, Hamidu aulizwe ya mvua, aulizwe ya mbuzi, lolote, isifike ile "ila". Esther alishindwa kuvumilia.

"Na mama?" aliuliza.

"Ila mama ametutoka," alisema Hamidu. "Jana jioni. Poleni sana."

Walipanda lori lilelile, Silvesta na Esther, juu ya magunia. Barabara ilikuwa mchanga mtupu, lori lilizama mara mbili likasukumwa. Walipofika Chilangala watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Kule hakuna pa kuhifadhia maiti, na walikuwa wamemsubiri kadiri walivyoweza. Majirani waliosikilizishwa mambo ya setilaiti siku ya Pasaka walimpa Silvesta mkono mmojammoja, wakampa pole, wakampisha apite.

Erasto alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka. Silvesta akakaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na kitu cha kueleza mtu.

"Ni wewe uliyeandika," alisema mwishowe.

"Ni mimi, Kaka."

"Ulirudi kutazama jibu?"

"Nilirudi. Yule dada alinisomea."

"Lote?"

"Lote. Mpaka pale pa foleni."

Ndani wanawake walikuwa wanaimba nyimbo za kanisani, taratibu, wamechoka. Silvesta alingoja mdogo wake amtukane, na angeshukuru. Erasto hakumtukana.

"Mama ulimwambia nini?"

"Aliniuliza umesemaje. Nikamwambia umesema uko njiani."

Silvesta akainamisha kichwa.

"Akafurahi," alisema Erasto. "Akataka kuoga. Wakamwogesha, wakamvika kitenge kile cha harusi ya Priska, akasema tumtoe nje apate kuona barabara. Tukamtoa. Siku ile, na ya pili yake. Pumzi haitoshi lakini hataki kurudishwa ndani. Kila lori likipita anauliza, si hilo?"

"Alisema nini juu yangu? Niambie, Erasto. Hata kama ni baya."

Erasto aliutazama ule mkeka.

"Wewe hakukusema, Kaka. Aliyasema magari. Alisema magari ya siku hizi hayafai, yanamharibikia mtu njiani."